Goulven na Ukuta wa Chokaa

Mume wangu, Goulven Kerbrat, hakuwahi kuniomba radhi hata siku moja katika miaka arobaini na minane ya ndoa yetu, na mimi sikumwomba, kwa hiyo tulikuwa sawa. Watu wa Porskav, kijiji chetu cha wavuvi, watakwambia alikuwa mkali. Uongo mtupu. Alikuwa mbishi, na mbishi si mkali. Mkali akishashinda hunyamaza. Mbishi huendelea hata ukishamkubalia. Nilimzika mwezi wa Novemba, sasa yapata miaka tisa, na mpaka leo nikikoroga uji wa ngano nyeusi najikuta nangoja mtu aniambie chumvi imezidi.

Alianza bahari akiwa na miaka kumi na minne, akikata mwani pamoja na baba yake. Kisha jeshi likampeleka Aljeria miezi ishirini na saba, akarudi, na habari za huko hakuzisimulia kwangu wala kwa padri. Baada ya hapo ilikuwa mitego ya kaa na kamba wakubwa, maisha yake yote, katika maji ya kwetu. Alipostaafu aliuza chombo cha kazi akabaki na mashua ndogo ya tanga, mbao tupu, mlingoti mmoja, aliyoipa jina Bernadez. Bernadez lilikuwa jina la mama yake mzazi. Siku aliyoliandika ubavuni nilimwambia wazi: "Mama yako alinipanda kichwani miaka kumi na miwili. Usitegemee na mimi nimpande yeye." Na kweli sikupanda. Mimi nilikuwa mtu wa nchi kavu, kazi yangu ilikuwa ukuta.

Sasa huo ukuta lazima niueleze, maana bila huo hakuna hadithi. Mlango wa bandari yetu ni mwembamba. Upande wa kulia wa anayeingia kuna mwamba tunaouita Nguruwe; maji yakijaa humwoni, unamsikia tu akikoroma. Anayetaka kuingia salama hutazama vitu viwili. Cha kwanza ni ubavu wa nyumba ya mama yangu, iliyoko ufukweni peke yake, ubavu ule unaotazama bahari, uliopakwa chokaa nyeupe toka chini hadi juu. Cha pili ni mnara wa kanisa dogo, nyuma yake, juu kidogo kilimani. Mnara ukisimama katikati ya ukuta, njoo bila wasiwasi. Mnara ukiteleza kulia, na wewe umeteleza kulia, unaenda kumwamkia Nguruwe.

Ukuta hupakwa na mwanamke wa nyumba ile, kila Jumatano ya Juma Kuu. Bibi yangu alipaka, mama yangu akapaka, mimi nilipanda ngazi nikiwa na miaka kumi na sita. Asubuhi ya Pasaka ukifungua mlango unakuta kaa kizingitini, mmoja kutoka kila chombo, wamefungwa magando, wamenuna. Hiyo ndiyo shukrani yetu, na hakuna aliyewahi kuiandika popote.

Mwaka wa sitini na moja kulikuwa na dansi Plouescat, mji wa jirani, siku ya Jumanne, nami nikacheza mpaka viatu vikachanika. Jumatano nikaamka mchana, nikapaka nusu, nikachoka, nikasema nusu nyingine kesho. Jioni ile ukungu kidogo ukashuka, na kijana mmoja akaona nusu ya ukuta akadhani ndiyo wote. Akaweka mnara katikati ya hiyo nusu, akakwaruza ubavu mzima wa chombo cha baba yake kwenye Nguruwe. Alikuja mlangoni kwetu kalowa mpaka kiunoni, akapiga kelele hadi kuku wakakimbia.

"Nani mpumbavu aliyepaka ule ukuta?"

"Mimi. Na nani mpumbavu aliyeingia bila kusubiri ukungu upande?"

Mama yangu akamtilia mvinyo wa tufaha. Alikuja kututukana, akaondoka kesho yake asubuhi, baada ya kunishikia ngazi nikimalizia ile nusu. Mwaka uliofuata tulioana.

Haya. Miaka ikaenda. Magoti yangu yakaanza kunisaliti kwenye zile ngazi za mawe, na Paol, mwanetu, akasema tuhamie nyumba ndogo nyuma ya kanisa kubwa, karibu na daktari na duka la mikate. Goulven hakutaka. Mimi ndiye niliyemshawishi, sitaficha. Wanunuzi walikuwa watu wa mji wa Rennes, akina Lemercier, watu wapole, na Bibi Lemercier aliniapia kwa mikono miwili kwamba ukuta utabaki mweupe na nitaupaka mwenyewe kila mwaka nikitaka. Nikampelekea Goulven kiapo kile kama kamba mzuri juu ya sahani. Akauza kwa ajili ya kiapo hicho.

Mwaka wa kwanza nilipaka. Mwaka wa pili nikafika Jumatano na ndoo yangu nikakuta mafundi wameshamaliza. Rangi ya mchanga. Wameupaka ukuta wa bibi yangu rangi ya mchanga, mbele ya mchanga! Kutoka baharini usingeuona hata ungepewa darubini. Bibi Lemercier akaniambia nyeupe inaumiza macho wakati wa kiangazi, na isitoshe vyombo siku hizi vina mashine inayoonyesha njia. Nikamjibu maneno ambayo Jumatano ya Juma Kuu hayafai.

Ningemwambia nini Goulven? Mimi ndiye niliyemuuzisha. Basi nikaenda na ndoo yangu kanisani, kwenye kile kikanisa cha mlimani, nikakaa saa nne nzima mbele ya Bikira Maria na ndoo ya chokaa kavu, nikarudi nyumbani nikasema nimemaliza. Mwaka uliofuata nikafanya vilevile. Ubavu wenyewe hauonekani ila ukiwa baharini, na Goulven miaka hiyo hakuwa anakwenda baharini: Bernadez alikuwa Paimpol kwa fundi, akibadilishwa mbao zilizooza, na fundi wa Paimpol hana haraka. Na bandarini alikuwa haendi tena. Alisema bandari isiyo na mashua yake akaitazame ya nini.

Halafu macho yake nayo. Yalianza kuwa na doa katikati. Pembeni aliona, lakini kile alichokitazama hasa kilikuwa kinayeyuka. Alimimina kahawa nje ya kikombe, akasema kikombe kimesogezwa. Paol akaona, akaja siku ya Jumapili, akavua kofia, nikajua kuna neno.

"Baba, mashua iuzwe kulekule Paimpol. Nina mnunuzi."

"Muuze mkeo kwanza tuone anafika bei gani."

"Baba, sifanyi mzaha. Huoni."

"Naona kwamba umenenepa."

Wakabishana mpaka supu ikapoa. Mwisho wakafikia hivi: Goulven mwenyewe aende Paimpol aichukue Bernadez, ailete nyumbani kwa tanga, bandari kwa bandari, taratibu. Akiiingiza Porskav kwa macho yake, mtu mwingine asiguse usukani, mashua ni yake mpaka afe. Akishindwa, inauzwa kabla ya baridi, na hatatia tena mguu baharini.

"Na shahidi awe nani?" Goulven akauliza. "Nyinyi vijana mtanionea."

Paol akanigeukia. "Mama ataenda. Mama hasemi uongo."

Mama yangu wee! Nilikuwa na ndoo mbili kavu moyoni, naye ananiita mkweli. Nikasema sawa, nitaenda. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mwezi wa Septemba ulikuja na upepo wa mashariki, ule mkavu, wa anga safi, unaosukuma polepole kurudi kwetu. Tulikwenda Paimpol kwa basi, mimi na kapu langu la chakula. Ndani yake nilikuwa na mikate, siagi ya chumvi, tufaha, na bakuli la nyama ya sungura niliyoisaga na kuioka mwenyewe. Ndiyo, sungura. Kila mtu wa pwani yetu anajua mnyama yule hapandishwi chomboni, hata jina lake halitajwi. Ukilazimika unasema yule mwenye masikio marefu. Wazee walisema hutafuna kamba za chombo na kuleta balaa. Mimi nilisahau, haki ya Mungu. Nilikuwa mtu wa ukuta, sikuwa na mazoea ya kufunga chakula cha baharini. Nilikumbuka tukiwa tayari tumeshatoka mlango wa Paimpol na maji yaliyoanza kupwa.

"Hii nyama ya nini?" Goulven akauliza, mate yanamtoka.

"Ya kuku. Kuku wa jirani, Soazig."

"Soazig anafuga kuku mzuri." Akala vipande viwili, akakata cha tatu.

Safari yenyewe haikuwa ndefu. Mtu wa gari angeifanya kabla ya chakula cha mchana. Sisi tulichukua siku tano. Tulikuwa tunaondoka maji yakianza kupwa, maana hapo mkondo huenda magharibi, yakigeuka tunatia nanga, tunavua soksi. Siku ya kwanza tulilala Port-Blanc. Ya pili tulifika Ploumanac'h, katikati ya yale mawe makubwa mekundu, tukangoja nje mpaka maji yakapanda ya kutosha kuvuka kizingiti cha bandari. Siku ya tatu hatukwenda popote. Goulven alisema upepo umechoka, na mimi nikaona upepo hauna tatizo, aliyekuwa hataki kufika ni yeye. Tuliketi juu ya Bernadez tukimenya kamba wadogo, miguu ikining'inia nje, watalii wakitupiga picha.

"Wanadhani sisi ni wazee wenye furaha," nikasema.

"Waache wadhani."

Niseme kweli, nilikasirika siku ile. Nilikasirika kwa ajili ya miaka arobaini na saba. Nilikuwa nimesimama ukutani maisha yangu yote nikimngoja huyu mtu aingie, nikihesabu matanga, nikimlaani akichelewa, na kumbe huko alikokuwa kulikuwa hivi: kimya, mwanga juu ya maji, mkate una ladha kuliko wa nyumbani. Nikamwambia: "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia upande, ukasema jina la mama."

"Ungelifuta jina!"

"Ungelikuta sababu nyingine." Akacheka, na mimi nikacheka, ingawa nilikuwa na machozi. Nilimpenda sana siku ile. Nilikuwa nimesahau kwamba nampenda. Mtu husahau, kuna kazi nyingi.

Siku ya nne tulikata ghuba kubwa kuelekea Roscoff, upepo siku hiyo ukitoka nchi kavu. Nilikuwa nikimtazama yeye zaidi ya bahari. Alikaa tezini, nyuma kabisa, usukani kwapani, kichwa amekigeuza kidogo pembeni, kama wafanyavyo kuku wakitaka kukuona vizuri. Ardhi ilikuwa bado mstari tu, mimi mwenye macho mazima sikujua kipi ni kipi. Yeye akainua pua.

"Roscoff hiyo."

"Umeiona?"

"Nimeinusa. Vitunguu. Wanavitandaza kukauka wiki hii."

Nikanusa mimi, sikupata kitu isipokuwa chumvi na tumbaku yake. Lakini baada ya saa moja na nusu tulikuwa chini ya ukuta wa bandari ya Roscoff, na vitunguu vilikuwa vimetandazwa kweli. Nilipaswa kuzingatia hapo, kwamba ile pua haikosei. Sikuzingatia. Nilikuwa nawaza kesho.

Kwa sababu kesho, nilijua, angeutafuta ukuta wangu na asingeuona. Usiku mzima nilijigeuza. Nilisema nitamwambia asubuhi, tukinywa kahawa. Asubuhi nikasema nitamwambia tukishatoka. Tukishatoka nikasema acha tupite kisiwa cha Batz kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ile ya kwangu ilikuwa na kona nyingi.

Tulifika mbele ya Porskav maji yakiwa chini, tukatia nanga nje kungoja yajae. Tulikaa pale kwa muda wa saa tatu nzima. Niliiona nyumba ya mama yangu, maana najua madirisha yake mawili madogo ya darini. Mtu mwingine asingeona nyumba hapo, angeona mchanga juu ya mchanga. Gatini niliona watu wamejipanga, na koti la njano la Paol katikati yao. Walikuwa wamekuja kumwona Goulven akiingia. Kijiji chetu kinapenda kuona mtu akifaulu, na kinapenda zaidi akishindwa.

"Goulven," nikaanza.

"Ng'oa nanga, Mama Paol. Maji yanatosha. Halafu ukae chini, usinizibie."

Nikang'oa nanga. Tanga likashika upepo. Akageuza kichwa upande ule wa kuku, akakigeuza upande wa pili, akakazia macho pwani kwa muda mrefu, mikunjo yote ya uso imejikusanya. Kisha uso ukamlainika.

"Ule pale," akasema. "Nauona. Mweupe pee! Mwaka huu umeupaka vizuri kuliko miaka yote."

Nikashika ukingo wa mashua kwa mikono miwili. Haoni. Haoni kitu. Anaingia katika mlango wenye Nguruwe kwa ukuta ulioko kichwani mwake. Na kama nikisema "haoni", nitakuwa nimemnyang'anya mashua mikononi mwake kwa mdomo wangu mwenyewe. Na nikinyamaza tutazama mbele ya kijiji kizima. Na ili niseme haoni, lazima niseme pia kwa nini najua.

Upepo ulikuwa umerudi ule wa mashariki, unatusukuma magharibi. Nilitazama mnara. Ulikuwa umetoka kwenye ukuta, upande wa kulia, kiganja kimoja, halafu viwili. Nikaanza kumsikia Nguruwe akikoroma. Nilitazama mikono ya mume wangu juu ya usukani. Haikuugeuza hata kidogo.

"Goulven," nikasema, "mnara umetoka."

Hakubisha. Mtu aliyebisha maisha yake yote, hakubisha.

"Upande gani?"

"Kulia. Viganja viwili."

Akasukuma usukani, omo, pua ya mashua, ikageuka kidogo mashariki.

"Sasa?"

"Kimoja na nusu. Bado. Kimoja. Bado, Goulven, bado!"

"Sauti ya chini, watatusikia. Sasa?"

"Umegusa pembe ya ukuta. Unaingia. Umekaa katikati."

"Ukitikisika nambie."

Basi nikawa namwambia. Kulia kidogo. Kushoto kidogo. Umekaa. Umekaa. Nilikuwa nimeuona mnara ule na ukuta ule kutoka juu ya ngazi kwa miaka hamsini, nimewaona mamia wakiingia, na sikuwahi kujua kwamba ninaijua ile njia. Nguruwe alipita upande wetu wa kulia, karibu hata povu lake likanilowesha mkono. Kisha maji yakalala, tukawa ndani. Gatini wakapiga makofi. Mtu mmoja akapiga honi ya gari.

Paol alidaka kamba. Uso wake ulikuwa umechangamka, maskini, nadhani alikuwa akiomba tangu asubuhi ashindwe yeye, si baba yake. "Baba, umeingia kama kijana!" Halafu akanigeukia, akasema polepole, "Mama? Kwa macho yake?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimelitengeneza tangu kwa Nguruwe. Nikafungua mdomo. "Ameileta mwe..."

"Aliyeileta ni mama yako," Goulven akasema, kwa sauti ya kufika gati zima. "Mimi nilishika mti tu. Mnunuzi wako mwambie aje."

Akauchomoa usukani mahali pake, ule mti wa mwaloni ulioliwa na mkono wake mpaka ukawa mwembamba katikati, akauweka begani, akapanda ngazi za gati bila kushikwa. Watu wakampisha. Hakuna aliyecheka. Nilitaka wacheke, nipate wa kumtukana.

Tulitembea kwenda nyumbani mimi nikibeba kapu, yeye akibeba usukani. Nilikuwa nalia bila kujificha. Nikamwambia: "Kwa nini umesema? Mimi ningekulinda."

"Najua ungenilinda. Umenilinda sana." Akatembea kidogo. "Ukuta una rangi gani siku hizi?"

Nilisimama katikati ya njia. "Ya mchanga."

"Alaa. Mchanga! Nilidhani wameweka njano."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, ile Jumatano. Ulirudi na ndoo, ukanipa kikombe cha kahawa. Mkono wako haukunuka chokaa. Miaka yote Juma Kuu lilinuka chokaa, hata ujisugue na siki, mpaka Pasaka. Mwaka ule ulinuka mishumaa."

"Na ukanyamaza!"

"Wewe pia ulinyamaza. Nilisema moyoni, akitaka kuniambia ataniambia. Leo nikasema mweupe pee, ili useme. Sikuona nyumba, Fantig, wala mnara, wala pwani. Nilikuwa nangoja sauti yako. Nikasema, asipozungumza sasa, basi tena."

"Tungekufa, mpumbavu wewe!"

"Tungekufa," akakubali. Mara ya kwanza kukubali kitu. Kisha akasema, "Na yule hakuwa kuku."

Bernadez alikwenda kwa mnunuzi wiki mbili baadaye, bila usukani wake. Walimchongea mwingine. Ule wa Goulven uko nyuma ya mlango wetu, wageni huutundikia makoti.

Baridi ile alikaa dirishani, hakutaka kusomewa gazeti, hakutaka redio. Mimi nikamwona anazima. Juma Kuu lilipofika nilichukua ndoo, na safari hii ndani yake kulikuwa na chokaa mbichi, nikaenda kwa Bibi Lemercier. Nikamwambia sikuja kugombana, nimekuja kuomba, na kuomba sijazoea kwa hiyo anivumilie. Nikamweleza kuhusu mwanamume ambaye haoni na ukuta ambao hauhitajiki. Nilikiri mwenyewe kwamba hauhitajiki. Vyombo vina mashine zao. Akanifungulia mlango wa nyuma. "Mama, ngazi iko bandani," akasema. "Lakini usipande juu kabisa, nakuomba." Nilipanda juu kabisa. Bibi Lemercier, mtoto wa watu wa Rennes, alishika ngazi yeye mwenyewe, akiwa na viatu vyake vizuri.

Nilimaliza alasiri. Mgongo ulikuwa umekatika, magoti sikuyasikia tena. Goulven alikuwa dirishani palepale nilipomwacha. Nilimtengenezea kahawa, nikamwekea kikombe mkononi, nikataka kuondoka, akanishika kifundo cha mkono. Akauvuta mkono wangu usoni kwake, akaukandamiza puani, akavuta pumzi, akavuta tena.

"Sasa nauona," akasema.